Nani Atakushikia Begi?

Wiki iliyopita binti mmoja tunayefanya naye kazi chumba cha habari alinijia mezani na daftari mkononi. Anataka kwenda Johannesburg kwa basi, peke yake, na amesikia kwamba mimi niliwahi kufanya wendawazimu huo. Maswali yake aliyapanga vizuri kama mtu anayekwenda kumhoji waziri. Nauli kiasi gani? Mipaka mingapi? Viza je? Nikamjibu yote. Mipaka mitatu: Tunduma, Chirundu, Beitbridge. Viza kwa sisi Watanzania kwa matembezi mafupi haihitajiki, si Zambia, si Zimbabwe, wala si Afrika Kusini. Kadi ya homa ya manjano weka pamoja na pasipoti.

Alipofunga daftari nikamwambia, "Mdogo wangu, swali lenyewe bado hujaniuliza."

"Lipi hilo, dada?"

"Ukibanwa na haja pale stendi ya Lusaka, nani atakushikia begi?"

Akacheka sana, akadhani namtania. Sikuwa natania. Nikamwambia nitamwandikia, ili asome vizuri, na wengine wenye mawazo kama yake wasome pia. Ndiyo hii sasa.

Ilikuwa Julai 2018. Nilikuwa na miaka 24 na nimepata nafasi ya kuhudhuria mafunzo ya wiki mbili ya waandishi vijana kule Johannesburg. Waandaaji walilipia kitanda na chakula. Nauli, kila mtu na mfuko wake. Nilipouliza bei ya tiketi ya ndege nilimshukuru dada wa dirishani kwa heshima zote, nikatoka nje kupunga upepo. Kibindoni nilikuwa na dola 380 na shilingi kidogo. Basi likabaki ndilo jibu. Mafunzo yalianza Jumatatu saa tatu asubuhi, nami niliondoka Dar Jumatatu ya wiki iliyotangulia. Kilomita kama 3,500 kwa siku saba. Kwenye karatasi ilionekana safari ya kifalme.

Mama yangu hakuona ufalme wowote. "Peke yako? Ukipatwa na jambo huko nani atatuletea habari?"

"Si ndiyo kazi yangu mama, kuleta habari."

Hakucheka.

Nilibeba begi moja la mgongoni. Ndani nguo chache, kitenge, sweta moja jepesi la mtu wa Dar anayedhani baridi ni hadithi, na kompyuta mpakato ya ofisi niliyoisaini kwenye kitabu kwamba ikipotea inakatwa kwenye mshahara. Msomaji, naomba usiisahau kompyuta hiyo. Ndiyo iliyonifanya nikaumwa.

Wakati ule mabasi ya mikoani yalikuwa bado yanaondokea Ubungo (stendi ya Mbezi Luis ilianza kazi mwaka 2021). Saa kumi na mbili asubuhi tukang'oa nanga. Sehemu hii nitaipita haraka kwa sababu nilikuwa bado nyumbani. Tuliona tembo Mikumi, tukapanda Kitonga kwa mwendo wa kinyonga nyuma ya malori, tukapigwa na baridi ya Mafinga. Mara mbili basi lilisimama porini watu wakachimbe dawa, na mara zote mbili nilimwambia jirani yangu, "Dada, niangalizie begi," nikashuka bila hata kungoja jibu lake. Sikujua kwamba huo ulikuwa utajiri. Huwezi kuona thamani ya neno "niangalizie" mpaka ufike mahali ambapo huna wa kumwambia.

Tunduma tulifika usiku, nikalala gesti. Asubuhi nikatoka kwenda mpakani, na hapo ndipo shule ilipofunguliwa.

Kijana alikuja akinisalimia kwa Kiswahili kizuri, cha heshima. Shikamoo dada! Mimi na miaka yangu 24 kuamkiwa shikamoo na mwanamume mwenye ndevu, ilibidi nishtuke palepale, lakini nilifurahi. Akaniuliza kama nina shilingi za kubadilisha. Bei yake ilikuwa nzuri kuliko ya wenzake. Nikampa shilingi, akanihesabia kwacha 500, noti tano za mia mia, moja baada ya nyingine mbele ya macho yangu. Akazikunja, akanipa, akaniambia "Ziweke haraka dada, hapa kuna wezi." Nikazificha haraka. Nikamshukuru!

Sasa elewa jambo hili. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye pesa yake. Kwacha 1,000 ya zamani ikawa kwacha 1 mpya. Noti ya zamani iliyoandikwa 100 ni karatasi tu, na hata ilipokuwa hai ilikuwa na thamani ya ngwee kumi za leo. Lakini imeandikwa 100, na ina picha ya ndege yuleyule, furukombe. Noti zangu tano, ya juu na ya chini zilikuwa mpya. Tatu za katikati zilikuwa za zamani. Alizibadilisha saa ngapi, kwa mkono upi, mpaka leo sijui.

Niligundua nikiwa nimeshavuka, upande wa Nakonde, ndani ya basi la Lusaka. Nauli ilikuwa kwacha 220. Konda aliziangalia noti zangu, akatenga mbili, zile tatu akanirudishia kwa ncha za vidole kama mtu anayerudisha kitambaa cha kamasi. Watu wakageuka. Dola zangu zilikuwa ndani ya sidiria, na si mahali pa kuingiza mkono mbele ya basi zima. Nikabaki nimeduwaa.

Mama mmoja aliyekaa kiti cha jirani akatoa kwacha 20 akampa konda. Hakusema kitu. Alikuwa mtu mzima, kajifunga vitenge viwili, miguuni ana ndoo ya dagaa na kiroba cha mchele wa Kyela. Alikuwa Mnyamwanga. Wanyamwanga mpaka uliwakuta wapo, ukawagawa nusu Tanzania nusu Zambia, kwa hiyo kwake kuvuka ni kama wewe kwenda kwa shangazi. Alizaliwa Tunduma, anauza Lusaka, Kiswahili chake cha Mbeya, Kibemba chake cha sokoni.

Ungetegemea nimpende. Mimi nikaanza kumshuku. Kwa nini ananilipia mtu asiyemjua? Anataka nini? Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikuwa nimeumwa saa moja iliyopita na mtu aliyeniamkia shikamoo. Nikasema asante, nikalikumbatia begi, nikageukia dirishani.

Barabara ya Nakonde kwenda Lusaka ni ndefu, kama kilomita 1,000, na sehemu kubwa ni miti, miti, na miti tena. Tulipita Chinsali, kule alikozaliwa Mzee Kenneth Kaunda mwaka 1924. Reli ya TAZARA inakwenda upande huohuo, iliyojengwa miaka ya 1970 ili shaba ya Zambia ipate njia ya kufika Dar bila kupita kwa makaburu. Mwandishi wa habari mwenye akili timamu angekuwa anaandika. Mimi nilikuwa nahesabu vituo ambavyo sitashuka. Nilikuwa nimefanya uamuzi ambao wakati ule niliuona wa busara: sinywi maji. Nisipokunywa sitabanwa, nisipobanwa sitashuka, nisiposhuka hakuna atakayegusa begi.

Saa tatu usiku basi likasimama Mpika, dereva akazima taa. Nikadhani limeharibika. Kumbe tangu mwishoni mwa mwaka 2016 Zambia ilikataza mabasi ya abiria kutembea kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu ya ajali. Kwa hiyo abiria wote tunalala humohumo kwenye viti mpaka alfajiri. Baridi ya Julai kule ni kali. Mama akajifunika kitenge kimoja, cha pili akanisogezea. Nikakataa, ninacho changu. Akashuka kwenda msalani, akaniachia ndoo na kiroba chake bila wasiwasi wowote, akarudi. "Na wewe nenda mwanangu, nitakuangalizia." Nikasema sijabanwa. Nilikuwa nimebanwa tangu Chinsali.

Lusaka tulifika Jumatano alasiri. Ile stendi kubwa ya Intercity ni Ubungo ya zamani yenye lugha nyingine. Wapiga debe wanakuvuta mkono, mmoja Harare, mmoja Livingstone, mmoja teksi, na wote wanajua unakokwenda kuliko wewe. Mama akaniandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha boksi. "Ukishindwa, piga." Nikakitia mfukoni kwa adabu, nikijua sitapiga.

Nilipata chumba cha bei ndogo. Mlango ulikuwa na kitasa kisichofunga vizuri, nikausogezea kitanda. Usiku huo homa ikanishika. Kwanza mgongo, kisha kiuno, kisha kutetemeka mpaka meno yakagongana. Kwenda haja ndogo ilikuwa kama kupitisha pilipili. Wanawake wanaosoma hapa wameshajua ni nini, ile tunayoiita UTI, na yangu ilikuwa imeshapanda juu. Siku mbili bila maji, siku mbili za kujizuia, mwili ukasema imetosha.

Saa tisa usiku, katika mji ambao hakuna mtu hata mmoja anayejua jina lako, homa si ugonjwa tu. Nilianza kufikiri mambo ya ajabu. Nikifa humu watajuaje ni mimi? Pasipoti iko ndani ya begi. Atakayelikuta begi atachukua kompyuta, pasipoti atatupa. Nikafikiri maneno ya mama yangu, nani atatuletea habari. Nikalia, sikatai.

Alfajiri nikakitoa kile kipande cha boksi.

Hakuuliza maswali. Aliuliza jina la gesti, akasema nusu saa. Alifika na chupa kubwa ya maji, akanikalisha, akaninywesha mpaka nikashiba. Tukaenda zahanati. Foleni ilikuwa ndefu, na vipimo viko chumba kingine, dawa chumba kingine, kulipa kwingine. Kila nilikoitwa nilinyanyuka na begi langu mgongoni huku natetemeka, mpaka Mama akanishika mkono.

"Mwanangu, lete hilo begi."

Nilimwangalia. Naona aibu kuandika haya, lakini ukweli ni kwamba hata pale, na homa yote ile, kichwani nilikuwa napiga hesabu. Kwamba ana saa tatu za kutoweka. Kwamba hata jina lake la pili silijui. Kisha nikalivua, nikampa, kwa sababu sikuwa na nguvu za kulibeba tena. Sitajisifu kwamba niliamua kumwamini. Nilizidiwa.

Nilipotoka kwenye chumba cha mwisho na dawa zangu, ilikuwa inakaribia saa saba mchana. Mama alikuwa palepale kwenye benchi, begi amelipakata kama mjukuu, amesinzia, mikono miwili imefungwa kwenye mikanda yake. Biashara yake ya asubuhi yote ilikuwa imekwenda na maji.

Siku ya pili nililala chumbani kwake. Alinipikia ugali, wao wanauita nshima, na kapenta. Hawa kapenta ni dagaa zetu za Ziwa Tanganyika. Miaka ya 1960 walichukuliwa wakapandwa katika Bwawa la Kariba, wakazaana, na sasa wana mji wao na jina lao. Nilimweleza Mama habari ya yule kijana wa shikamoo na zile noti. Nilidhani atanihurumia. Akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Alikuhesabia yeye. Wewe ulihesabu?"

"Sikuhesabu, Mama. Nilimwona mtu mwema."

"Mwema au mbaya, hela inahesabiwa. Mimi nahesabu hata ya mume wangu. Hesabu hela, halafu kunywa maji. Wewe ulifanya kinyume. Hela hukuhesabu, maji hukunywa."

Nimesoma vitabu kadhaa vya ushauri kwa wasafiri. Hakuna kilichonifaa kama sentensi hiyo.

Jumamosi nikapanda basi la Harare. Chirundu ulikuwa mpaka mzuri kuliko wote. Tangu Desemba 2009 nchi zote mbili zinakaguliwa mahali pamoja, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia bila kutembea kilomita nzima na begi. Safari hii nilikunywa maji. Nilipobanwa nilichagua mama mwenye watoto, nikaomba, nikashuka na pesa na pasipoti mwilini, begi nikamwachia. Nikarudi nikalikuta. Nikamnunulia mwanawe biskuti.

Harare ilikuwa na shida ya aina nyingine kabisa. Mji mzuri, barabara pana, watu wapole, na Kishona kina maneno yetu ndani yake: nyama ni nyama, moto ni moto, na maji wanayaita mvura, kwa hiyo kila nikiomba maji nilijiona naomba mvua. Kuta zote zilikuwa na picha za wagombea. Uchaguzi wa tarehe 30 Julai ulikuwa unakaribia, wa kwanza tangu mwaka 1980 ambao Mugabe hakuwa mgombea. Shida ilikuwa pesa taslimu. Nchi ilikuwa inatumia dola ya Marekani lakini dola zenyewe hazionekani. Benki foleni inazunguka jengo. Watu wanalipana kwa simu, kama M-Pesa yetu, lakini mgeni wa usiku mmoja hana laini. Nikatoa noti ya dola 20 kulipia kitanda, nikarudishiwa chenji kwa noti za bondi, zile zilizoanza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2016. Kiserikali ilikuwa sawa na dola. Mtaani si sawa. Na ukivuka mto Limpopo ni alama ya kuwekea kitabu. Zimbabwe imebadilisha pesa mara kadhaa tangu hapo, na tangu Aprili 2024 wana sarafu iitwayo ZiG, lakini somo halijabadilika: msafiri wa pesa ndogo abebe noti ndogo ndogo. Hasara ya chenji ni kodi ya maskini.

Jumapili mchana nikapanda basi la mwisho. Hapa napunguza mwendo kwa sababu sehemu hii bado inanisumbua.

Beitbridge tulifika usiku. Watu wote mnashuka na mizigo yenu, foleni ya Zimbabwe, mnavuka daraja, foleni ya Afrika Kusini. Baridi inauma. Mbele yangu alikuwa binti mdogo kuliko mimi, na mtoto mchanga mgongoni, na mifuko miwili mikubwa ile ya plastiki yenye miraba. Basi hilohilo letu, alikaa viti viwili nyuma. Alipotaka kujaza fomu aliniomba nimshikie mtoto. Nikamshika. Alikuwa wa moto kama mkate, akalala begani kwangu karibu saa nzima. Tukawa kama ndugu.

Tulipokaribia mahali pa kukaguliwa mizigo akanisogelea. Akaniambia kwa sauti ya chini: dada, wewe una begi moja tu. Mfuko huu mmoja useme ni wako. Tukishavuka utanirudishia.

Nikamuuliza una nini ndani. Akasema vitu vya kuuza tu. Nikamwomba aufungue nione. Akaangalia pembeni.

Nikakataa. Nilimrudishia mtoto wake, nikasema samahani dada yangu, siwezi. Hakunigombeza. Alitikisa kichwa tu kama mtu aliyezoea, akavuta mifuko yake yote miwili. Mimi nilipita. Yeye akawekwa kando pamoja na wengine. Tulingoja upande wa pili karibu saa mbili. Dereva akaangalia saa yake, akahesabu vichwa, akaingia, akawasha gari. Viti vinne vilikuwa vitupu. Hakuna aliyesema kitu, na mimi mwenye mdomo wa uandishi sikusema pia.

Kila niliyemsimulia ananiambia nilifanya sawa. Begi ambalo hukulipanga mwenyewe usilivushe mpakani, hata la mtu wa damu yako. Ninajua. Nitamwambia vivyo hivyo huyu mdogo wangu wa ofisini, na nitaipigia mstari. Ukikamatwa nalo hakuna atakayesikiliza habari za mtoto mchanga. Ila nikumbushwe pia kwamba siku nne kabla yake kuna mtu alinishikia begi langu bila kuuliza lina nini ndani. Mama yule alinishikia akiwa amekaa, mbele ya macho ya watu, na asingefungwa kwa ajili yangu. Huyu alitaka nimvushie. Ni vitu viwili tofauti. Najua ni tofauti. Lakini uzito wa yule mtoto begani bado naukumbuka, na sijui walilala wapi.

Johannesburg nilifika Jumatatu asubuhi na sweta langu la Dar, moshi wa baridi unatoka mdomoni. Nilichelewa mafunzo saa moja na nusu. Hakuna aliyeniuliza kitu, waliniona tu wakanipa chai.

Wiki mbili zile nazo zilikuwa na vituko vyake. Daladala za kule huziiti kwa mdomo, unaziita kwa kidole, ukinyoosha kidole cha shahada juu maana yake unakwenda mjini. Siku ya kwanza nikakaa kiti cha mbele kwa kujidai. Kumbe anayekaa mbele ndiye konda! Abiria wanapitisha nauli kutoka nyuma, wewe unahesabu, unarudisha chenji, unamkabidhi dereva kamili. Noti zikaanza kunijia begani na maneno ya Kizulu nisiyoyaelewa. Nikakumbuka Mama, hesabu hela. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Zilipungua randi nane, nikalipa mwenyewe kimya kimya.

Siku moja nilikwenda Yeoville, mtaa wenye Wakongo wengi, na sokoni nikasikia nyuma yangu, "Weye ni wa fasi gani?" Kiswahili! Cha Lubumbashi, lakini masikio yangu yalikuwa na kiu, ningekipokea hata kingekuwa cha wapi. Alikuwa mzee wa makamo anayeuza sombe, kisamvu chetu. Tuliongea sana. Nikamuuliza kuhusu Mei 2008, wakati wageni walipovamiwa na watu zaidi ya 60 kuuawa, maana mama yangu alikuwa ameniamuru nisitoke nje jioni kwa sababu hiyo. Aliniambia wakati ule aliishi upande mwingine wa mji, na kwamba jirani yake, mama mwenyeji wa pale, alichukua mizigo yake yote akaiweka chumbani kwake na kufunga mlango, mpaka mambo yalipotulia. Nikamuuliza alimlipa nini. Akashangaa swali lenyewe.

Basi mdogo wangu, majibu yako haya hapa. Noti ndogo ndogo. Hesabu mwenyewe, mbele ya aliyekupa, hata kama kakuamkia. Pesa na pasipoti mwilini, begi likienda liende na nguo tu. Kompyuta ya ofisi iache ofisini. Beba sweta la kweli. Kitenge usikose, ni shuka, ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo. Mpakani beba chako tu. Na mtu wa kukushikia begi utampata njiani. Huwezi kumpanga kabla, na usipompata hutafika, maana mwili wa mtu mmoja haujaumbwa kulinda begi saa ishirini na nne.

Jana usiku nilimpigia Mama kule Lusaka. Bado anauza, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Nikamwambia kuna binti anakuja huko, naomba nimpe namba yako. Nilidhani ataniuliza ni nani, anatoka ukoo gani, atakaa siku ngapi.

Aliniuliza kitu kimoja.

"Huyo anakunywa maji?"